Salamu za Ngazini

Mnisamehe kwa mwandiko wangu, na kwa herufi zitakazopotea njiani. Shule ya Kiswahili niliishia darasa la pili, na kuandika kwangu ni kwa polepole.

Leo jirani kachoma pilipili hoho. Moshi wake ulipoingia dirishani nikamkumbuka Bibi Radmila, aliyekaa ghorofa ya juu yetu, mtaa wa Tooting huku ughaibuni. Mimi na mama tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka Unguja, nina miaka minane. Bibi alikimbia vita kwao, na Kiingereza hakukijua, kama mama. Mimi kwa haya zangu nilitaka kumpita kimya ngazini.

"Mtu mzima hapitwi kama gogo!" mama akaninong'oneza huku akinifinya. "Mwamkie!"

"Shikamoo."

Bibi akacheka, akanigusa kifua kwa kidole. "Dobar dan!"

Basi ngazi ikawa darasa letu la Kiserbia. Dobar dan, salamu ya mchana. Kako ste, hujambo. Dobro, hvala, yaani njema, ahsante. Mama aliyakariri akikaanga vitunguu, akinitania, "Sema bwana! Ulimi mzito kama ugali wa jana." Katika jengo zima, bibi peke yake ndiye aliyemsalimia mama.

Asubuhi moja simu ikalia kutoka Unguja. Mama yake mama amefariki, na atazikwa siku ile ile, bila sisi. Mama hakulia. Alijitanda kanga, akanishika mkono, tukapanda kugonga kwa bibi.

"Kako ste?" bibi akauliza mlangoni.

"Dobro, hvala," mama akajibu.

Kwetu jibu la kwanza huwa njema, hata kama maiti iko ndani. Mwenzako huendelea: za nyumbani? Za wazee? Hapo ndipo unaposema. Mama akasimama, akingoja swali la pili. Bibi akatabasamu, akatupatia kibakuli cha pilipili za kuchoma, akafunga mlango taratibu.

Mama hakupanda tena. Wakikutana ngazini ilikuwa dobro, dobro, mpaka siku tulipokuta wapangaji wengine mlangoni kwake.

Nilidhani mama kakasirika. Kumbe alikuwa bado anangoja. Na bibi, aliyeacha kwao kunaungua, alitujibu dobro kila siku, nasi hatukumwuliza mara ya pili.

Mama naye kafia hospitali huku huku, akiwaambia manesi hajambo.

Mkipata nafasi, niandikieni. Mkiniuliza hali nitajibu njema. Tafadhalini, ulizeni tena.