Mlezi wa Harusi ya Mwanangu

Tanga hii, ukitaka mtu asikusumbue, mpe cheo. Nimeyaona haya hapa Nguvumali, kwenye kamati ya harusi ya binti yangu mwenyewe. Kikao cha kwanza, kabla hatujajua hata biriani atapika nani, vyeo vilikuwa vimeshagawanywa: mwenyekiti, makamu, katibu, mratibu wa mapokezi, msemaji. Msemaji wa nini, wallahi, mpaka leo sijui. Mie niliyembeba mtoto tumboni nikaambiwa nimeteuliwa kuwa Mlezi. Wakapiga makofi. Nikauliza, "Mlezi anafanya nini?" Mwenyekiti, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akanijibu kwa upole, "Wewe mama, kaa tu."

Nikakaa. Masikio lakini hayakukaa. Likija jambo tamu, kama kuketi meza ya mbele, kila mtu alisema "huo ni wadhifa wangu". Jambo la wastani, kama kuwakumbusha watu sare, likaitwa "jukumu", na jukumu likapita mkono kwa mkono. Likiwa zito walisema "ni wajibu wetu sote", na hapo nilijua halitafanywa. Marehemu mume wangu alikuwa na neno moja tu kwa yote hayo. Ukimuuliza kwa nini anaondoka alfajiri kwenda kuosha maiti ya mtu asiyemjua, husema "inanipasa", anavaa makubadhi yake, anatoka.

Wiki ya harusi ikaingia. Binti yangu akaniita chumbani, uso umemwiva.

"Mama, shangazi ameshaalikwa?"

Shangazi yake anakaa Pangani, dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Baba mtu alipofariki, mtoto alikuwa mdogo, na shangazi ndiye aliyehamia kwangu akawa anamlaza kifuani mpaka akaacha kulia usingizini. Tena kwetu bi harusi hatoki chumbani mpaka shangazi yake, dada wa baba, amshike mkono amtoe.

"Asipokuja, sitoki," akasema. "Watauoa mlango."

Hee! Namjua mwanangu. Hakuwa anatania.

Nikamwendea mwenyekiti. Akasema wa kualika ni katibu. Katibu akasema ni mratibu wa mapokezi. Mratibu akasema yeye hupokea wageni waliokwisha kufika. Msemaji siku hiyo hakuwa na la kusema. Mwishowe katibu akatabasamu: "Lakini mama, taarifa zote tumeziweka kwenye kundi la wasapu."

Jamani! Wifi yangu ana simu ya kitochi. Na hata angekuwa na ile kubwa, shangazi haalikwi kundini pamoja na mpiga picha. Shangazi hufuatwa nyumbani kwake, huamkiwa, huambiwa kwa mdomo, tena na mtu mwenye haki ya kumwambia. Kamati nzima ililijua hilo, na kila mmoja aliamini mwenzake ameshakwenda. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Niliwaka! Nikawaambia maneno ambayo Mlezi hapaswi kuyasema, nikavaa baibui langu, nikapanda gari la Pangani.

Nilimkuta wifi barazani anakuna nazi.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba."

Akaendelea kukuna. Hakunionyesha hata pa kukaa. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Umekuja kama nani?"

Mie kwa pupa yangu nikajibu, "Nimetoka kwenye kamati..."

"Kamati siijui."

"Mie ndiye Mlezi wa..."

"Mlezi?" Hapo akaniangalia. "Mtoto ana mama yake mzima, mlezi wa nini?"

Nilitaka kucheka, na nilitaka kulia. Safari nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kujitetea, nikayaona yote hayana kazi. Nikaketi sakafuni mbele yake.

"Wifi, nimekuja mimi, mke wa kaka yako," nikasema. "Angekuja mwenyewe, lakini hayupo. Nimekuja kukuita ukamtoe mtoto wenu."

Akaacha kukuna. Akakiweka kifuu chini, nikaogopa nimekosea tena.

"Watu wa Tanga wanapita hapa," akasema polepole, "kila mtu ananiambia harusi Ijumaa, harusi Ijumaa. Nikasema basi. Kaka yangu alipozikwa, na ushangazi wangu wameuzika. Wamepata mwingine."

"Mwingine yupi, wifi? Hiyo kazi haina uchaguzi."

Akacheka, na machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko. Mikono yake imejaa nazi, akawa anajipangusa kwa kiwiko. Nami nililia, sioni haya kusema. Nikaingia ndani kumchotea maji ya kunawa.

Nyuma ya mlango palikuwa na begi limeshafungwa, na juu yake baibui jipya limekunjwa vizuri.

"Liko hapo tangu Jumapili," akasema kutoka barazani. "Lakini ningekujaje, na sijaitwa?"