Wimbo Uliozimwa na Joto

Chumba changu cha kazi hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, kina kuta za udongo, na juu ni mabati matupu, hakuna dari. Ndani yake ninahariri video za harusi na za kwaya kwa kompyuta kubwa ya mezani niliyoinunua mjini Mbarara ikiwa imeshatumika. Ina nguvu, lakini haikutengenezwa kukaa chini ya mabati. Jua likipanda, feni yake hulia kama nyuki waliochokozwa, joto la prosesa hupita nyuzi tisini, kisha mashine hujizima yenyewe isije ikaungua.

Niliipigania. Nilisugua vumbi jekundu kwenye kipozeo chake cha shaba kwa mswaki, nikaondoa ubavu wa kasha, nikaielekezea feni ya mezani. Ikawa inastahimili kazi ndogo.

Ndipo akaugua mama mmoja wa kwaya yetu, aliyetufundisha kuimba tangu tukiwa Kivu ya Kusini, Kongo. Kabla hajalala kitandani tulikuwa tumempiga video kilimani akiongoza wimbo. Kipaza sauti cha kamera kilinasa upepo tu, ila sauti tuliirekodi kando kwa kinasa kingine. Ilibaki mimi kuunganisha sauti na picha.

"Mwanangu," aliniambia nilipomtembelea, bintiye akimgeuza ubavu, "nataka nijione naimba mbele ya kufa."

Kila nilipojaribu, mashine ilizimika katikati ya wimbo. Nikaipeleka Mbarara, kwa fundi mmoja wa mtaa wa Kakoba. Akasema dawa inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye kipozeo chake imekauka, ataibadilisha. Nilipoifuata, akanionyesha stika aliyobandika kwenye kasha, akaniita nyabo, yaani bibi.

"Nyabo, usifungue. Ukifungua, garanti imekwisha."

Nyumbani ikawa mbaya kuliko kwanza. Haikungoja hata jua. Nikampigia simu.

"Ni huko kwenu," akajibu. "Huko kambi joto mingi. Kompyuta iko sawa."

Nikamwamini. Mkimbizi akiambiwa kasoro ni ya fasi yake, mahali anapoishi, hashangai.

Mama akazidi kudhoofika. Mwishowe nikampelekea ile video ilivyokuwa, kwenye simu. Bintiye akamwinua kichwa. Akajiona amesimama na kitenge cha kwaya, mikono juu, mdomo ukifunguka, na upepo ukivuma. Akaangalia mpaka mwisho.

"Na sauti yangu iko fasi gani?"

"Inakuja, mama. Mashine inasumbua."

Akarudisha kichwa kwenye mto. Juma halikwisha, tukamzika.

Baada ya mazishi nikaibandua ile stika. Kipozeo kikubwa cha shaba, nilichokuwa nikikisugua kwa mikono yangu, hakikuwemo. Mahali pake palikaa kidude chepesi cha alumini, cha kompyuta ya kuandikia barua.

Nikarudi Kakoba. Kipozeo changu kilikuwa ndani ya kompyuta yenye ubavu wa kioo, iliyowekwa mbele ya duka kuvutia wateja. Nilikijua kwa mapezi ya pembeni, yaliyopinda siku kiliponiponyoka nikikisafisha.

"Hiki ni changu," nikamwambia fundi.

"Nyabo, hivi viko mingi Mbarara. Uko na ushahidi?"

Wateja wakageuka kuniangalia. Wawili wakanong'ona kwa Kinyankore, lugha ya pale, wakacheka.

"Kuna mama amekufa akingojea hicho chuma," nikasema.

"Pole sana," akajibu, akiendelea kukaza skrubu.

Nikatoka. Ningefanya nini?

Baadaye mwimbaji mwenzangu akanifundisha kupunguza mwendo wa prosesa kwenye mipangilio, ili isipate moto upesi. Nikaukata wimbo vipande vifupi, nikawa naviunganisha asubuhi, mabati yakiwa bado baridi. Ukakamilika. Sauti ya mama ilitoka safi kabisa, na usafi wenyewe ukanitia hasira.

Nikampelekea binti yake. Alikuwa anaanika maharagwe uani, hakunyoosha mkono kupokea.

"Mama ndiye alikuwa na lazima ya kuisikia," akasema. "Mimi hiyo sauti nimeisikia tangu nizaliwe. Peleka kanisani."

Jumapili wakauonyesha. Watu wakapiga makofi, wengine wakalia, mchungaji akanishukuru mbele ya wote. Binti hakuja. Kisha tukasimama kuomba, nami nikainamisha kichwa kama wenzangu, na kwa kila "amina" yao mimi nilikuwa namlaani yule fundi.