Njia ya Boga

Mama alitaka kunionyesha njia aliyoipita kwa miguu akiwa msichana, toka Nyankunde mpaka Boga. Tulipanga vizuri: taksi mpaka Nyankunde, kisha siku tatu za kutembea, tukilala kwa ndugu zake. Asubuhi ya safari nilitangulia kwenye parkingi kushika nafasi. Dereva wa lori akanichokoza: "Weye haujaonaka Mahagi? Panda!" Nikapanda, kama kawaida yangu, tukaenda Mahagi, mji ulio upande mwingine kabisa. Mama alinisubiri mpaka taksi ikajaa, akaenda peke yake.

Niliporudi nilimuuliza, "Mama, njia ilikuwa namna gani?"

"Njia iko njia tu," akajibu, akiendelea kuchambua maharagi.

Majirani amewasimulia kila kijito alichovuka. Nikiingia anabadilisha mazungumzo, nami sina haki ya kulalamika.