Mujane, Si Mujanja

Siku yangu ya kwanza katika jarida letu, mtaani Birere, mkuu wa uhariri, chef wetu, alinipa birika kabla ya kunipa kalamu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimeajiriwa kuwa korektrisi: kazi yangu ilikuwa kusoma epreuve, ile karatasi ya majaribio, na kusahihisha makosa kabla ya kuchapa.

"Demwazeli, chai kwanza. Makosa haitakimbia."

"Chef, wanaume wa hapa hawana mikono?"

Wote walicheka. "Huyu atatusumbua," akasema chef.

Nilisumbua kweli. Niliuliza kwa nini chini ya picha wanaume wana majina na wanawake ni "bibi ya fulani". Jibu lake: jina la mwanamke linakula nafasi.

Vita vilipowamwaga watu mjini, tulifungua ukurasa wa waliopoteana. Mama Konsolata alileta picha yake mwenyewe. Alikuwa amempoteza binti yake Riziki barabarani, wakikimbia kutoka kijiji chao, Kalengera. Niliandika: "Konsolata, mujane wa Kalengera, anamutafuta mutoto wake Riziki." Epreuve ilirudi imeandikwa "Mujanja wa Kalengera". Jina lake halikuwamo. Nikakata kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake "Konsolata, mujane", nikampelekea chef. Hakuisoma. Alitazama picha tu.

"Mujane muzuri hivi? Hatakawia kuolewa." Jarida likachapwa na kosa lake.

Baada ya siku chache Mama Konsolata alirudi. Riziki alikuwa katika kituo cha watoto, Katindo, lakini msimamizi alikataa kumtoa. "Aliniambia: gazeti yenyewe inasema weye ni mujanja, labda unaiba batoto. Na kesho banabahamisha."

Nilimkimbilia chef.

"Herufi mbili tu! Tutarekebisha toleo lijalo."

"Mwezi ujao, chef? Mtoto anaondoka kesho. Niruhusu nimwonyeshe msimamizi epreuve."

"Basi! Na karatasi za kazi hazitoki hapa."

Nilikunja ile epreuve, nikaificha ndani ya kitenge, tukaenda Katindo na Mama Konsolata. Njia nzima nilijiuliza: nikifukuzwa je? Na nani ataamini wino wa mpika chai?

Msimamizi, mama mmoja mkavu wa maneno, aliweka kidole juu ya neno lililokatwa.

"Nani alikata hii?"

"Ni mimi, mama."

"Ulijua, na bakachapa vilevile?"

"Hawakunisoma."

Alinitazama sana, halafu akageukia mlango. "Riziki! Kuya!"

Mtoto alitokea, akasimama, akamwona mama yake. Mama Konsolata alikaa chini palepale kwenye mawe, mikono wazi.

Chef alipiga kelele siku mbili, lakini hakunifukuza. Nani mwingine angesahihisha? Tangu siku ile hakuna mwanamke aliyepita mezani kwangu bila jina lake. Hofu haikunitoka. Hata leo nikisikia jarida limetoka, nalifungua kwanza kutafuta kosa.

Siku ya kustaafu walinipa cheti chenye muhuri mzuri. Kazi: "Sekretere". Nilitoa kalamu nyekundu, nikakata, nikaandika "Korektrisi", nikamrudishia karani.

"Mama, ni neno moja tu."

"Ndiyo, papa. Andika upya."

Nikavuta kiti, nikakaa.