Mwanafunzi Wetu wa Kesses

Farasi wetu jike alizaa asubuhi ya mvua, nyuma ya zizi la ng'ombe hapa Yamumbi. Mume wangu alikuwa amemtunza miaka mingi kwenye shamba la mwajiri wake, na alipostaafu akapewa awe wake. Akamtazama yule mtoto dume akijaribu kusimama, akasema, "Huyu ataruka viunzi."

Lakini farasi wa michezo hapandwi kabla mifupa haijakomaa. Kwa miaka hiyo yote anakula, anachanjwa, anachongwa kwato, kisha ndipo mkufunzi anapoanza kazi. Wafugaji wadogo kama sisi huchoka njiani, wakauza watoto wa farasi kwa bei ya kutupa.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kesses, aliyekuwa na mtoto wa farasi wa umri uleule, alikuja kwetu na mwenye duka wa Kapsoya, ambaye naye alikuwa na mtoto wa farasi.

"Tuwaweke wote kwangu," mwalimu alisema. "Nyasi zipo. Fundi wa kwato atakuja safari moja, na mkufunzi tutamlipa pamoja."

Mume wangu alikubali kabla chai haijapoa. Mimi pia nilijua ni busara, ila nilikuwa nimezoea kumwona yule mtoto wa farasi akichungulia dirisha la jikoni nikimenya viazi.

Alipoacha kunyonya tukampeleka Kesses. Mama yake alizunguka ua akiita, nami nikajikuta nikimwekea mwanawe maganda ya karoti ambayo hakuna wa kuyala.

Jumapili baada ya kanisa tulikwenda kumwona. Mwanzoni alinikimbilia. Baadaye alikuwa akiinua kichwa tu, kisha anarudi kufukuzana na wenzake.

"Wanafunzana adabu," mume wangu alisema kwa furaha. "Peke yake angekuwa mkorofi."

Ilikuwa kweli, na iliniuma.

Siku aliyoruka kiunzi chake cha kwanza akiwa na mtu mgongoni, mume wangu alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi yetu. Haikupita muda, mnunuzi akaja kutoka Nairobi. Tuliuza farasi aliyefunzwa, si mtoto wa kubahatisha, na wenzetu wakapata moyo wa kungoja farasi wao nao wafuzu.

Kabla hajapakiwa niliegemeza uso shingoni mwake. Alinuka sabuni nisiyoijua.

"Hatasumbua, Mama," mkufunzi alinituliza. "Amezoea watu."

Lori lilipoondoka, mume wangu aliniuliza kama tumpandishe tena yule jike kwa dume.

"Tumpandishe. Lakini mtoto akae na mimi kidogo zaidi."

"Wenzetu tutawaambia nini?"

"Waambie mama yake hajawa tayari kumwachisha."

Hakuuliza ni mama yupi. Alinifungulia geti tu, tukatembea hadi barabarani.