Mikwaruzo ya Msumeno wa Kombe

Kombe wa Mkongani alianza kazi ya kupasua mbao akiwa chini shimoni. Gogo lililazwa juu ya shimo, na Boga, kaka wa mkewe, alisimama juu ya gogo akiuongoza msumeno. Aliye chini hauoni mstari. Huvuta tu, akimwamini aliye juu.

"Kula unga wako, shemeji!" Boga alimtania, vumbi la mbao likimwingia Kombe machoni.

Baadaye walinunua kwa ubia mashine ndogo inayokokotwa na pikapu. Katika viwanda vikubwa, gogo ndilo hupelekwa kwenye msumeno. Hapa gogo hutulia, na msumeno wenye injini huteleza juu yake kwenye reli mbili. Tabu ilikuwa kuusukuma: ukiuharakisha unapinda, ukisitasita mti unaungua. Kombe akaufungia mpini wa kuzungusha, cheni ya baiskeli na waya wa chuma. Ukizungusha mpini, waya unauvuta msumeno kwa mwendo mmoja. Jino moja la msumeno lililopinda liliacha mikwaruzo kwenye mbao, nayo, kwa mwendo ule mmoja, ilipangana sawasawa kuliko ya mashine nyingine yoyote.

Mashine inayoweza kwenda popote iliwatia hofu wazee wa kaya, msitu wa matambiko ambamo hata mti ulioanguka hauokotwi. Kombe aliwaapia kwamba haitaingia humo. Ndipo wakamruhusu kufanya kazi mashamba ya jirani.

Mwaka huu alikwenda Kinondo kwenye matanga ya shangazi yake. Akirudi alipita Ukunda kununua misumari, akaona mbao za mbambakofi, mti ambao kwao umebaki kayani tu. Akapapasa ubao. Mikwaruzo ilikuwa ya msumeno wake.

Kufika Mkongani, alimkuta Boga akiipaka mashine grisi.

"Umeingia kaya nikiwa matangani."

"Mti mmoja tu, shemeji. Tena ulikuwa umeanguka wenyewe. Nani atajua? Mashine haina mdomo."

Kombe akainama kwenye mashine. Akafungua mpini, kisha cheni.

"Sasa mimi nitausukumaje?"

"Kwa kifua, kama tulivyoanza."

"Na hivyo vyuma wavipeleka wapi?"

"Kwa wazee. Aliyeapa ni mimi." Akaitupia cheni begani. "Shimoni nilikufuata miaka yote, Boga. Nilidhani wewe unauona mstari."

Kwa mara ya kwanza hakumwita shemeji. Akashika njia ya kaya, cheni ikining'inia begani na kumchafulia kanzu ya matanga.