Mdomo Mfupi Mbele ya Mama Yangu

Msemo huo nilifundishwa na Mkorea mwenyewe, tena taratibu, neno kwa neno, kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba niliuelewa vibaya.

Wakati huo nilikuwa nafundisha Kiswahili sekondari kule Kakuma, naye alikuwa mwalimu wa Kikorea kwenye chuo kidogo ambako vijana wa kambini na wa mjini walisoma pamoja. Jioni alikuja kwangu kujifunza Kiswahili. Kile cha sokoni, chenye Kiarabu cha Juba huku na Kiswahili cha Kongo kule, alikiogopa. Alitaka cha kitabu. Nikampa cha kitabu, akaenda nacho sokoni, wakamcheka, akarudi kwangu naye anacheka. Tukawa marafiki.

Siku moja nilimpakulia githeri, mahindi na maharagwe. Akala vijiko vichache, akaisogeza sahani pembeni. "Mwalimu, nisamehe," akasema, "mimi nina mdomo mfupi." Nikamtazama mdomo wake, sikuona tofauti. Ndipo akanieleza kwamba kwao ndivyo wanavyosema, ibi jjalta, mdomo ni mfupi, wakimsema mtu anayekula kidogo, mchaguzi, anayekinai upesi. Mama yake alimsema hivyo tangu utotoni, kila supu iliporudi jikoni nusu.

Mimi na lugha hatuachani hivihivi. Nikamwuliza, je, aliyeshiba naye ana mdomo mfupi? Hapana, huyo ameshiba tu. Mdomo mfupi ni tabia ya mtu, si shibe ya leo. Na mgonjwa? Hapana. Na asiyekula nguruwe kwa sababu ya dini yake? Akatikisa kichwa, huyo ana sheria yake. Na mtu aliyekosa chakula? Akasema huyo usimwambie kabisa. Unajisema wewe mwenyewe, ukimwomba radhi aliyekupikia, au mama anamsema mtoto wake akichoka kumbembeleza. Niliupenda msemo huo. Niliutumia hata darasani.

Binti yangu alikuwa mwanafunzi wake, na Kikorea kilimwingia kama maji. Alitaka kusomea uuguzi hukohuko Korea, na palikuwa na ufadhili. Mwishowe ikabaki nafasi moja na wasichana wawili, yeye na mwenzake. Wafadhili walikuwa na msimamizi wao, kijana wa Nairobi aliyewahi kusoma Seoul, na yeye ndiye aliyepaswa kuzitembelea familia zote mbili, aone mazingira, kisha aamue.

Kufikia hapo nilikuwa nimehamishiwa Lodwar, na mama yangu alikuwa akiishi nami. Alitoka Lokiriama baada ya ukame kummalizia mifugo. Alikuja na kigoda chake na kibuyu cha maziwa ambacho hakikuwa na maziwa.

Sasa hapa lazima nieleze jambo, maana ndilo kiini cha hasira yangu. Kwa wafugaji wa umri wa mama yangu, samaki si chakula. Samaki ni kitu anachokula mtu ambaye mbuzi wake wamekwisha. Ukisikia fulani siku hizi anakula samaki, umeambiwa kwamba fulani hana kitu tena. Vijana hawajali hayo, na binti yangu huko Kakuma alikula samaki na wenzake mpaka akalamba vidole. Hata mimi nakula nikiwa safarini. Lakini tangu siku mama alipoingia nyumbani kwangu, samaki hakupikwa. Hakuna aliyetoa amri. Kumla samaki mbele yake ni kumwambia usoni kwamba yeye amekwisha.

Msimamizi alifika mchana, akatusalimu "ejok" kwa madaha, akamwita mama yangu shosho, kama wanavyowaita bibi zao huko Nairobi. Mkononi alikuwa na samaki wakubwa, maana alikuwa amepitia Kalokol, akawanunua wakitolewa mashuani pale ghuba ya Ferguson, ziwani Turkana. Zawadi ya mgeni, utaifanya nini? Nilikuwa nimeshachinja mbuzi. Nikawakaanga samaki nyuma ya nyumba, upande ambao upepo haukuleta harufu barazani, nikawatenga karibu na mgeni. Nyama nikaiweka upande wetu. Nilidhani nimemaliza kazi.

Bwana yule akachukua kipande kinono, akakisukuma mbele ya binti yangu. "Kula tuone."

"Asante, nitakula nyama," akasema.

"Onja tu."

Binti yangu akamtupia nyanya yake jicho. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, anatafuna mbavu polepole, Kiswahili chetu kinampita. "Asante," akasema tena, "hapana."

Msimamizi akacheka, akasema kwa Kikorea, kisha akanigeukia na kunitafsiria, eti mimi sijui msemo huo. "Huyu ana mdomo mfupi, mwalimu. Kule ni samaki asubuhi, samaki jioni. Tulishampeleka msichana mmoja, akashindwa na chakula, akarudi analia. Sitaki kuaibika tena. Na mwenzake, niseme ukweli, alikula kila kitu."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Nikamwambia kwa heshima kwamba msemo huo hautumiki hivyo, kwamba huyu mtoto hana mdomo mfupi, ana adabu. Nikamweleza habari ya samaki, habari ya Lokiriama, habari ya mama yangu. Nilieleza vizuri, ndiyo kazi yangu. Alinisikiliza huku akichambua mwiba.

"Nakuelewa, mwalimu," akasema. "Lakini ndizo mila tunazotaka watoto wazivuke."

Yaani mtu anakaa kwangu, anakula mbuzi wangu, halafu anaita heshima ya mtoto kizuizi. Anachukua neno ambalo mama wa Kikorea humwambia mwanawe kwa mapenzi, analigeuza fimbo ya kumpigia mtoto wa mtu. Na alikuwa anatabasamu. Hilo tabasamu ndilo lililonimaliza.

Mama aliacha kutafuna. "Anasema nini huyo?" akaniuliza kwa Kiturkana.

Binti yangu akanitazama, macho yakinisihi nisiseme. Lakini mama yangu hadanganyiki, ananijua tangu sijaota meno. Nikamwambia yote.

"Kwa hiyo mtoto akila, anaenda?"

"Anaenda."

"Na hali samaki kwa sababu yangu."

Mama akainuka, akasogeza kigoda chake hadi kwenye meza, akaivuta ile sahani. Hakujua hata pa kuanzia. Alimvunja samaki mgongoni kwa vidole, akatia mnofu mdomoni pamoja na miiba, akatafuna kwa muda mrefu huku akimwangalia mgeni usoni. Akameza. Kisha akamega kipande kingine, akakipeleka kinywani mwa mjukuu wake kama anavyolishwa mtoto mchanga.

"Kula," akasema.

Akala. Machozi yalimtoka, naye akala mpaka mwisho.

Msimamizi akapiga makofi. "Shosho amependa," akasema, akatoa simu, akampiga picha mama yangu mafuta yakimng'aa mdomoni. Nilitamani kumtoa nje kwa ukosi wa shati lake. Sikumtoa. Nafasi ilikuwa moja.

Binti yangu yuko Korea sasa. Anasema anakula kila wanachompa, na wenyeji wake wanamsifu. Ile picha nimesikia huonyeshwa kwenye mikutano, bibi wa Turkana aliyeacha mila zilizopitwa na wakati. Nilipompigia rafiki yangu Mkorea kumsimulia, aliniomba radhi kana kwamba msemo ule ni mtoto wake aliyevunja dirisha la jirani. Nikamwambia yeye hana kosa, na msemo hauna kosa.

Lakini siku ile, gari la mgeni lilipoondoka, mama aliomba maji. Akasukutua, akatema, akaomba mengine. Nilikuwa nimemnunulia maziwa ya mbuzi, yale anayokunywa kila jioni, akiniambia kwamba angalau hayo bado ni chakula cha mfugaji. Nikamletea kwenye kibuyu chake. Akakifunika kwa kiganja.

"Yarudishe," akasema. "Siwezi kuyapitisha palipopita kile."

"Mpaka kesho, mama?"

Aliuliza tu kama mtoto ataenda kweli. Nikamwambia ataenda. "Basi niongezee maji," akasema, akanipa kikombe.

Maziwa hajaomba tena. Nayanunua kila jioni, na kila jioni nayanywa mimi.